Maswali ya Sarafu: Usome Mwaka Kabla ya Kutaja Bei

Barua za mara hii, nyingi kutoka Lamu na Malindi, zinazunguka jambo moja: mwaka ulioandikwa juu ya sarafu. Mmoja haoni tarakimu, mwingine anaziona lakini zinamchanganya, wa tatu ana sarafu mbili za mwaka mmoja na ameahidiwa bei mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Vifaa tunavyovitaja humu ni vichache: kioo cha kukuza mara 10, mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, taa moja ya mezani na simu yenye kamera nzuri. Zaidi ya hapo ni subira.

SWALI: Asalaam aleikum. Marehemu babu alituachia kikopo cha pesa za shaba zenye picha ya mizani. Nyingi zina tarakimu za Kiarabu peke yake, chache zina 1888 pia. Sonara mmoja amenambia zote ni za Sultani Sayyid Barghash na zote ni za mwaka 1299. Mimi naona kama hazifanani. Nitazitengaje? — Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam. Macho yako yako sawa. Mizani ilipigwa kwenye pesa za tawala mbili jirani, na ndiyo maana watu huzichanganya. Pesa za shaba za Barghash wa Unguja zina mwaka 1299 au 1304 wa Hijria. Zile zenye 1888 ni za Mombasa, za kampuni ya Kiingereza iliyoshika pwani yetu wakati ule, na mwaka wake wa Kiislamu ni 1306. Kwa hiyo kikopo chako kinaweza kuwa na mafungu matatu.

Anza kuusoma mwaka kutoka nyuma. Tarakimu mbili za mbele ndizo zinazodanganya, kwa sababu ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja tu: mbili ina kono moja juu, tatu ina makono mawili. Pesa ikipita mikononi miaka mingi, jino hilo hulika kwanza, na tatu huonekana mbili. Tarakimu za mwisho hazina utata huo. Ukiona ٩٩, tisa mbili zilizokaa pamoja, hiyo ni 1299 hata kama mbele pamefutika kabisa. Ukiona ٤, ambayo ni kama tatu ya Kizungu iliyogeuzwa, ni 1304. Ukiona ٦, ambayo macho yaliyozoea Kizungu huisoma saba, ni 1306.

Sifuri ya Kiarabu ni nukta, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Katika 1304 na 1306 nukta hiyo ikilika hubaki pengo, na mtu husoma 134 au 136 akadhani amepata ajabu. Tazama nafasi: kama kati ya tatu na tarakimu ya mwisho pana upana unaotosha tarakimu nzima, nukta ilikuwapo. Kinyume chake pia hutokea. Kishimo cha kutu hujifanya nukta. Nukta iliyopigwa kiwandani huinuka juu ya uso wa sarafu, kishimo huzama. Weka taa ubavuni, karibu usawa wa meza, si juu ya sarafu, kisha izungushe sarafu polepole. Kilichoinuka hutupa kivuli upande ulio mbali na taa, na kilichozama hutupa kivuli upande ulio karibu nayo. Ukifika kwenye pembe inayosomeka, piga picha hapo hapo na uikuze kwenye simu.

Mengine mawili ya tarakimu, maana Lamu huokotwa pia sarafu za Maskati na za Wadachi. Tano ya Kiarabu, ٥, ni duara, basi robo ya ana ya Maskati ya mwaka 1315 husomwa 1310 na asiyejua. Saba ni ٧ na nane ni ٨, moja imegeuka ya pili, kwa hiyo hakikisha hujaishika pesa juu chini. Pesa za Kidachi zenye tai zina jibu lake mwenyewe kwa upande wa pili: 1890 huenda na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Miaka miwili isipooana hivyo, shuku macho yako kwanza, halafu ishuku sarafu. Na kumbuka kwamba maneno ya Kiarabu husomwa kutoka kulia, lakini tarakimu husomwa kutoka kushoto kama za Kizungu.

Kugeuza Hijria kuwa mwaka wa Kizungu, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1299 inakupa 1882, 1304 inakupa mwisho wa 1886 au 1887, na 1306 ilianza Septemba 1888, ndiyo maana inaoana na pesa ya Mombasa.

Ukishatenga mafungu, fungu la Mombasa litenge tena kwa herufi. H ni alama ya kiwanda cha Heaton kilichokuwa Birmingham. C na M ni kiwanda cha Calcutta. Herufi hizi ni ndogo mno, na pesa nyingi hukatwa bei ya chini kwa sababu tu muuzaji hakuzitafuta. Ndani ya kila kiwanda, linganisha umbo la tarakimu na herufi za pembeni. Usilinganishe kwa kukumbuka. Piga pesa mbili picha kwa umbali ule ule na mwanga ule ule, kisha vuta mstari kwenye picha kutoka mguu wa tarakimu ya kwanza hadi mguu wa tarakimu ya mwisho, uone mstari unapoishia kwenye shanga za ukingoni. Mstari ukiishia penye shanga moja kwa zote mbili, huenda zimetoka chapa moja, yaani chuma kimoja cha kupigia sarafu. Ukiishia kwingine, chapa ni mbili. Kipimo hiki kinashinda maneno ya "mwaka mkubwa" na "mwaka mdogo", yaani tarakimu nene au nyembamba, kwa sababu pesa iliyolika huufanya mwaka wowote uonekane mwembamba.

SWALI: Wanangu, nina reale saba za fedha, tatu zimetiwa vitanzi vya mkufu. Zote zimeandikwa 1780. Mnunuzi amekuja hapa akasema ni za karne tatu nyuma, mwingine akasema ni za juzi. Nimuamini yupi? — Bibi wa Shela, Lamu

JIBU: Shikamoo bibi. Hakuna wa kumuamini kwa kutazama mwaka, kwa kuwa mwaka huo haukubadilishwa kamwe. Maria Theresa, malkia mwenye sura hiyo, alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sarafu yake na hawakutaka nyingine, basi viwanda viliendelea kuipiga na mwaka ule ule. Ilipigwa Vienna, Prague, Milan na Venice, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Paris, Birmingham na hata Bombay. Kwa reale, basi, swali ni kiwanda gani, na kama ni reale ya kweli.

Ukweli kwanza. Reale isiyo na kitanzi ina gramu 28.07, na ikilika hushuka hadi pungufu kidogo ya 28. Upana wake ni milimita 39.5 hadi 41. Fedha yake ni sehemu 833 kwa elfu, iliyobaki ni shaba. Ukingoni hapana meno ya kawaida, bali maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, yenye mapambo kati yake. Reale bandia za kumwagwa kwenye kalibu huanguka hapa: maneno ya ukingoni huwa mafifi, au panaonekana mstari wa maungio unaozunguka ukingo wote.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu fundi anaweza kuufikia kwa kuongeza unene. Pima kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri, kisha ifunge reale kwa uzi mwembamba na uitumbukize bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani itasoma karibu gramu 2.75. Ikisoma 3.1 na zaidi, hiyo ni shaba iliyochanganywa na nikeli, au ni shaba nyeupe nyingine, si fedha. Viputo vya hewa huongeza namba, basi itikise kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma. Zile tatu zenye vitanzi hazipimiki hivi, kwa kuwa risasi ya kuungia inaharibu hesabu.

Kiwanda hutafutwa kwa vitu vidogo: herufi S.F. chini ya kifua zina nukta au hazina, bizimu la begani lina lulu ngapi, manyoya ya mkia wa tai yamekaaje, na alama ya msalaba wa mshazari baada ya 1780 ina umbo gani. Tupigie picha pande zote mbili na ukingo, bibi, na tafadhali usiondoe vitanzi. Kuvitoa huacha kidonda, na mkufu mzima wa Lamu wa zamani una wanunuzi wake wanaoutaka kama ulivyo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya Mtaliano akapewa mtungi wa sarafu za lire. Nasikia moja ina namba imegeuzwa na ina bei. Ni ipi? — Msomaji, Malindi

JIBU: Ni lire 5 ya mwaka 1969, ya alumini, yenye pomboo. Kwenye baadhi ya chapa za mwaka huo, tarakimu 1 iliwekwa juu chini. Moja ya kawaida ina mdomo juu upande wa kushoto. Iliyogeuzwa, mdomo umeangukia chini upande wa kulia. Sarafu ni nyepesi na laini, na mikwaruzo kwenye mguu wa 1 hujifanya mdomo, kwa hiyo tazama kwa kioo, usitazame kwa simu peke yake. Bei yake ni ya wastani, kijana, haikununulii pikipiki.

Ukiwa kwenye mtungi huo, tafuta pia lire 5 ya 1956, iliyopigwa chache sana kuliko ya 1955, na lire 2 ya 1958. Hapo ujihadhari. Kwa kuwa 1955 ni tele na 1956 ni adimu, kuna watu huikwangua 5 ya mwisho wakaifanya 6. Tano iliyochongwa hubaki na kona kali juu yake, ilhali sita ya kiwandani ina mkunjo laini tangu juu. Uso unaozunguka tarakimu hiyo pia huwa umeng'aa tofauti, umepigwa msasa. Ukiweka taa ubavuni utauona.

SWALI: Nina ndururu (senti 5) na peni (senti 10) za tundu, na shilingi za simba, zote za enzi ya Waingereza. Rafiki yangu anasema herufi ndogo karibu na mwaka ndizo zenye bei. Ni kweli? — Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Mara nyingine. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Wakati wa vita vya pili kazi nyingi ilipelekwa Bombay na Pretoria. Kagua pande zote mbili, tena karibu na tundu.

Lakini kabla ya herufi, soma jina la mfalme. Ndururu na peni za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII huwa zinaulizwa sana, kwa kuwa mfalme huyo aliacha ufalme Desemba ya mwaka huo huo kabla ya kutawazwa. Ni chache kuliko za George, ila si adimu kama wauzaji wa barabarani wanavyodai; sarafu hizo zilipigwa kwa mamilioni. Ya 1964 haina jina la malkia hata kidogo, na hilo si kosa la kiwanda, bali uhuru ulikuwa umeshafika.

Kwenye shilingi za simba mwaka una kazi nyingine: kutenga fedha na isiyo fedha. Za 1921 hadi 1925, na za 1937 hadi 1946, zina fedha robo, na uzito wa sarafu nzima ni gramu 7.78. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli. Tarakimu ya mwisho ikifutika, soma jina: GEORGIVS VI ni ya kabla, yenye fedha, GEORGIVS SEXTVS ni ya baada, ya shaba na nikeli. Jina kubwa hudumu kuliko mwaka mdogo. Fedha robo ikilika huwa na rangi ya manjano iliyofifia kwenye nywele za simba. Nikeli haifanyi hivyo.

SWALI: Rupia ya Victoria, mwaka 1862. Nina nne, zote 1862, ila chini ya mwaka kuna nukta, na idadi ya nukta si sawa. Ni uchafu? — Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Si uchafu. Kiwanda cha Bombay kiliuacha mwaka 1862 bila kuugusa hadi 1874 na kikaongeza nukta kuonyesha kupita kwa miaka. Hesabu nukta za juu na za chini kando kando, uandike kama 0 juu na 2 chini, na kadhalika. Kisha tazama ua na mapambo ya nguo ya kifua, kwa sababu chapa za kichwa zilibadilika pia. Uzito wa kweli ni gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa elfu. Kwa kipimo cha maji utasoma karibu 1.13. Rupia bandia nyingi tunazoletewa hufeli kwenye uzito tu, hata hazifiki majini.

SWALI: Mwaka kwenye peni yangu unaonekana mara mbili, kama umepigwa kivuli. Ni kosa la thamani? — Msomaji, Faza

JIBU: Tazama kivuli chenyewe. Kama ni ngazi bapa, ya chini, inayomeng'enya upande wa tarakimu na kuifanya nyembamba kuliko kawaida, chapa ilitetemeka wakati wa kupiga. Hiyo ni tele na haina bei. Kama kila tarakimu ina mwili wa pili mviringo, wenye urefu sawa na wa kwanza, na penye kona pamepasuka mara mbili, basi chapa yenyewe ilichongwa mara mbili, na hiyo ina bei. Ikiwa chini ya tarakimu ya mwisho unaona sehemu za tarakimu nyingine kabisa, mathalani tumbo la sita chini ya saba, hapo chapa ya mwaka mmoja ilirekebishwa kutumika mwaka uliofuata. Tutumie picha ya kila aina isipokuwa ya kwanza.

SWALI: Nimezisugua pesa zangu kwa ukwaju na majivu zikang'aa, lakini mwaka umezidi kupotea. Nifanye nini sasa? — Msomaji, Matondoni

JIBU: Kwa hizo, acha zilivyo. Asidi ya ukwaju hula kila mahali, lakini majivu hukwangua kilichoinuka kwanza, na tarakimu ndizo zilizoinuka. Sufuria iliyosuguliwa hairudishi kilicholika, na pesa vile vile.

Kwa zilizobaki: loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa kuongeza betri. Soma lebo kwa makini, kwa kuwa dukani huko huko huuzwa na asidi ya betri, na ile itaimaliza pesa na vidole vyako. Badilisha maji kila siku kwa wiki moja au mbili. Chumvi ya bahari hutoka polepole. Kaushia kitambaa cha pamba kwa kugusa, si kwa kusugua. Mafuta ya plastiki laini yanayofanya ute wa kijani huondolewa kwa asetoni safi ndani ya bakuli la kioo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Kijani cha unga kinachorudi kila baada ya kukauka ni ugonjwa wa chumvi ndani ya shaba: itenge sarafu hiyo mbali na nyingine na uihifadhi pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hewa yetu ya pwani huvichosha upesi, vibadilishe.

SWALI: Ndugu yangu ameokota ufuoni Mambrui sarafu ya tundu la mraba yenye maandishi ya Kichina. Mwaka wake uko wapi? — Msomaji, Mambrui

JIBU: Haina mwaka wa tarakimu. Sarafu za namna hiyo husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto, na herufi mbili za kwanza hutaja enzi ya mfalme. Zile za enzi ya Yongle, za mwanzo wa karne ya 15, zimewahi kupatikana na watafiti hapo Mambrui na kule Manda, na ndiyo sababu kila tundu la mraba sasa husemwa ni Yongle. Japani nayo ilipiga nakala nyingi za sarafu hiyo, kwa hiyo jina la enzi halitoshi, lazima umbo la herufi na uzito vikaguliwe na mwenye ujuzi. Sarafu za shaba za Kilwa nazo hazina mwaka. Hutambuliwa kwa jina la sultani.

Lakini hili si la kuuza. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka kitu cha kale kilichopatikana ardhini kiripotiwe kwa Makumbusho ya Taifa. Ndugu yako asiisafishe. Aweke alama mahali alipoiokota, apige picha tatu, moja ya sarafu kando ya rula, moja ya mahali, moja ya ufuo ukionyesha mti au jengo lisilohama, kisha aipeleke ofisi ya makumbusho iliyopo Malindi na aombe barua ya kupokea.